Wimbo ya Babu: Mustari Moja, Pumuzi Moja

Salamabila, siku chache kisha Noeli

Mwanangu Zawadi,

Mimi mama yako ninakusalimia, na baba yako anakusalimia. Amelala hapa kando yangu ku mukeka, anapumua vizuri. Hiyo ya kupumua nimeiandika kwa makusudi, utaelewa mbele. Baba yako iko muzima. Soma tena: iko muzima. Sasa kaa chini, mupe mutoto ziwa, uniache nisalimie watu moja moja, maana barua isiyosalimia ni sawa mugeni anayeomba maji ya kunywa hata hajabisha hodi.

Ninaanza na huyo mugeni wetu mwenyewe, ambaye mpaka leo sijui nimwite Bwana ao nimwite Bibi. Habari yake? Ananyonya? Kitovu imeanguka vizuri? Usimufunike kichwa sana muchana mu joto ile ya Kasongo, lakini asubui mapema umufunike. Na wewe mwenyewe, damu imekatika? Unakula majani ya sombe? Usichoke na maulizo yangu, tumbo ya mama haisahau.

Mukwe wangu Paskali, habari ya kazi? Nilisikia alikutunza vizuri, Mungu amuongezee nguvu. Mama yake, ndugu yangu, habari ya mugongo? Ninajua yeye njo anakukanda na maji ya moto asubui na mangaribi. Ile kitambaa ilikuwa ya mimi kuishika. Mwambie mikono yake ni mikono yangu, na aksanti niliyo nayo haienei mu karatasi. Shangazi yako Maua, magoti yake je, na hii mvua? Mudogo wako Riziki, masomo? Asiache shule sawa mimi niliyeacha mu darasa ya ine: leo barua moja ninaiandika sawa mutu anayelima fasi ya mawe. Jirani yetu Mama Asha wa karibu na musikiti, yeye na watoto wake? Ile mbuzi ya pembe moja ingali hai? Ninasalimia wote, hata yule ambaye kalamu imemusahau.

Sasa habari. Kuzaa kwako tulikusikia jana kwa yule motar anayeleta sabuni na vitenge toka Kasongo, huyuhuyu anayekuletea barua hii. Alisimama mbele ya mulango yetu, moto yake, ile pikipiki, ingali inanguruma, akapiga kelele:

— Mama Zawadi! Binti yako amezaa!

Niliacha mwiko mu chungu.

— Mwanaume ao mwanamuke?

— Eh, Mama, mimi ni motar, si mukunga.

Kisha akazima moto, akashusha sauti:

— Lakini kule kwenu wanalia. Wanasema Papa Zawadi alibaki mu shimo ya zahabu.

Mimi hata sijafungua kinywa, baba yako akajibu toka ndani:

— Kilichobaki mu shimo ni telefone!

Njo vile nilijua kwamba munamulilia mutu muzima. Mwanangu, nilinyamaza juu ya tumbo yako. Niliogopa nikutumie habari ya kustusha, mimba itikisike, ao kisha maziwa ikauke. Kumbe maneno ilikuwa imepanda moto zamani, imefika mbele yangu, na imefika ikiwa imepotoka. Na kupiga simu hatukuweza, namba zote zilibaki mu telefone ile, chini ya udongo. Mimi kichwani nina namba moja tu, nayo ni ya marehemu Babu yako.

Basi sikia ilivyokuwa. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Baba yako alikuwa chini, Baba Saidi alikuwa juu anashika kamba. Nilikwisha kukuambia juu ya Baba Saidi: ni Musalimu wa upande wa Kabambare, wanafanya kazi pamoja tangu tufike. Udongo wa pembeni ukashuka, ukafunika baba yako mpaka kifuani. Baba Saidi hakungoja beleshi. Alishuka akachimba na vidole, akilia na kusema:

— Papa Zawadi, nitukane! Nitukane nijue uko muzima!

Na baba yako, mutu ya kanisa, akamutukana. Alimutukana yeye, na ukoo yake, na kuku zake, mpaka wengine wakafika na kumutoa. Wote waliosikia wanasema hawajawahi kufurahia matusi vile.

Mungu ni mukubwa. Miguu mizima, mikono mizima, kichwa kizima. Ni mbavu tu zilivunjika. Na tangu siku ile hatujalala na njaa hata mara moja. Walega wanaleta ndizi, Washi wanaleta maharagi, bibi ya Baba Saidi analeta chai ya tangawizi na mukate kila asubui, na akikuta sijafua nguo anazichukua bila kuniuliza. Mimi nilifikiri hapa ni fasi ya watu wa kutafuta zahabu tu. Nilikosea, na ninamushukuru Mungu kwa kukosea.

Lakini enfirmie aliyemutibu alisema mambo mawili. Ya kwanza: baba yako asipande moto mpaka mbavu zishikane, na mashimo ya barabara ya Kasongo unayajua. Ya pili: avute pumuzi ndefu, polepole, mara kwa mara, hata kama inauma, kusudi kifua isigonjwe. Hiyo ya pili njo ilitushinda. Baba yako aliogopa maumivu, akawa anapumua kidogo kidogo sawa mutu anayeiba. Nilimubembeleza, nikamukaripia, wapi! Usiku nilikuwa ninaweka mukono ku kifua yake, kuangalia kama inapanda.

Na wewe kule, siku zako za kuzaa zilikuwa zimekaribia. Unajua desturi yetu: mutoto wa kwetu hatolewi inje kuona jua mpaka babu ao bibi yake amwimbie wimbo ya Noeli ya Babu, hata kama amezaliwa wakati wa mahindi. Babu yako, baba yangu, aliianza na wewe, kwa sababu wewe ulizaliwa karibu na Noeli, na yeye alikuwa ndiyo kwanza ameitunga kwa korale ya kanisa ya kwetu. Alikubeba mpaka ku mulango, akaimba, kisha akavuka na wewe. Ninajua munatungoja. Ninajua mama mukwe wako, na heshima yake yote, anauliza moyoni: huyu mutoto atafungiwa mpaka lini?

Wimbo yenyewe ni fupi, mistari ine tu. Ninaiandika, Riziki akupe sauti kama umesahau:

Mutoto amefika, tandika mukeka.
Inje kuna baridi, ndani kuna mama.
Wafalme wako njiani, wavue viatu.
Amelala, amelala, aksanti Mungu wetu.

Sasa, katekista wa hapa alitangaza kwamba ku misa ya Noeli watu wa kila kabila walete wimbo moja fupi ya kwao. Nikanyoosha mukono mbele ya kufikiri. Nikaanza kuifundisha kwa wamama wenzangu ku kazi. Kazi yetu unaijua: wanaume wanatoa mawe mu shimo, sisi tunaitwanga mu vinu vya chuma mpaka inakuwa unga, kisha unga inaoshwa kutafuta zahabu. Basi tulitwanga na kuimba, kutwanga na kuimba, na waliishika upesi sana. Nilijisifu.

Siku ya repetisyo, ya kuzoeza nyimbo, maestro wa korale, Fostini, kijana Mubembe mwenye kinanda kidogo ya batri, alitusikia mara moja akapiga kofi:

— Mama Zawadi, hii ni moto! Wafalme wataingia wakicheza!

Akaipandisha juu, akaongeza ngoma, wanaume wakaanza kutikisa mabega. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Lakini haikuwa yetu. Nikasema:

— Maestro, wakiingia wakicheza, mutoto ataamuka.

Wakacheka wote. Maestro akasema:

— Sawa, Mama, utuimbie namna inatakiwa.

Nikasimama. Nikaanza polepole, "Mutoto amefika", na kufika ku mukeka nikaona mukono yangu ya kuume inapanda na kushuka yenyewe, na wimbo inaikimbilia. Nikaanza tena. Tena mukono. Mwenzangu Mama Nyota, ambaye kinywa yake haina mulango, akaita toka nyuma:

— Wee Mama Zawadi, hata ukisali mukono inatwanga!

Nilicheka nao. Lakini ku njia ya kurudi nyumbani nililia. Nilitafuta mwendo ya baba yangu mu kichwa yote, nikakuta kinu tu. Nikajiuliza: hata kama ningefika Kasongo leo, ningemwimbia mujukuu wangu nini? Ningemutwangia?

Baba yako aliniona macho. Akauliza, nikamwambia. Akasema kwa ile sauti yake ya kuiba:

— Umesahau mukwe wangu, baba yako, alivyokuwa anatugombeza sisi wa sauti ya chini? Mustari moja, pumuzi moja. Unavuta, unaimba mustari yote, unamaliza, unavuta tena. Hapana kukimbia, hapana kulala. Pumuzi ya mutu aliyekaa.

— Nionyeshe, nikasema.

— Na mbavu hizi?

— Nionyeshe, Baba Zawadi. Ninakuomba.

Akavuta. Nilimwona uso inakunjamana. Akaimba "Mutoto amefi", na pale ikakatika, jasho ikatoka. Nikafikiri nimemuua. Kumbe alikuwa anatabasamu. Akasema: "Kesho nitafika ku mukeka."

Mwanangu, dawa ile ambayo enfirmie na mimi tulishindwa kumupa, Babu yako alimupa toka kaburini. Asubui anavuta na kuimba, mangaribi anavuta na kuimba. Siku ingine anaishia ku "tandika", siku ingine anarudi nyuma. Mimi niko ninapika, ninamusikiliza, na ile mwendo inaniingia tena mu damu. Enfirmie alipoweka sikio ku mugongo yake alisema kifua inafunguka, akauliza tunamupa nini. Nikasema: Noeli.

Maestro alisikia habari, akaja kwetu yeye mwenyewe na kinanda yake mu mufuko ya shule. Alikaa chini karibu na mukeka. Tatizo ingine ilikuwa toni. Baba yako zamani alikuwa anaanza wimbo chini kabisa, pale sauti inatetemesha meza. Sasa akishuka pale inatoka upepo tupu. Maestro akawa anafinya kinanda, kidogo juu, kidogo juu: "Hapa, Papa?" "Hapana." "Hapa?" Mpaka baba yako akasema "Hapa", na sauti ikatoka nzima. Maestro anaiita fa. Mimi najua tu kwamba ni fasi ambapo baba yako anaweza kusimama bila kuegemea. Akasema:

— Basi korale yote itaanza hapa, wote tumufuate Papa.

Mama Nyota alipoambiwa kwamba sopran, wale wa sauti ya juu, sasa watapanda zaidi, akapiga kelele:

— Mimi ni mutu, si ndege!

— Wewe utashuka ku altu, maestro akamwambia, na ngoma tutaiweka chini.

— Noeli bila ngoma? Nani alikufa?

— Hakuna aliyekufa, Mama Nyota. Njo maana.

Siku ya Noeli Baba Saidi alikuja kumushika baba yako mukono mpaka kanisani, kisha yeye akabaki amesimama ku mulango, maana anasema alikuja juu ya rafiki, si juu ya misa. Kanisa ilijaa mpaka inje. Watu wa kila kabila walikuwa wameimba na ngoma na filimbi, vumbi ilikuwa inapanda, wamama wakipiga vigelegele. Tulipoitwa sisi, tukasimama bila kitu mu mikono. Mutu akasema nyuma: "Ngoma yao iko wapi?" Mwengine: "Imelowa mvua." Watu wakacheka.

Baba yako alikuwa amekaa ku benchi, karibu na pango ya mutoto Yesu. Maestro akamupa toni. Nikamwona anavuta, mabega ikapanda, na mimi nikavuta naye, nafikiri korale yote ilivuta naye. Akaimba peke yake: "Mutoto amefika, tandika mukeka." Yote. Pumuzi moja. Nilitaka kupiga kigelegele nikajiuma mudomo. Ya pili tuliingia wote, chini chini. Kicheko ya nyuma ikakatika. Ya tatu ilikuwa tena yake. Akaimba "Wafalme wako njiani, wavue", na pale pumuzi ikaisha.

Zawadi, maestro hakushusha mukono. Aliuacha juu. Hakuna aliyekohoa. Korale yote tukamungoja, na ile kungoja haikuwa ya kuogopa, sijui kuieleza, ilikuwa sawa vile unasimama mu mulango ya chumba, unaangalia kama mutoto amelala kweli. Mu ile kimya nikaona Baba Saidi kule mulangoni anainama, anavua bote zake za mpira zenye matope, anaziweka kando ya ukuta. Yule wa karibu naye akamwangalia, akavua zake. Na mwengine. Baba yako akapata pumuzi, akaimba "viatu", na sisi tukaingia na "Amelala", na watu wote ambao hawajui wimbo yetu wakaimba naye ile neno moja, polepole, mpaka mwisho.

Kisha misa nilimuuliza Baba Saidi nani alimwambia avue. Akasema:

— Mama Zawadi, kwetu fasi ya Mungu tunavua kila siku. Nilifikiri leo Wakristo wamekumbuka.

Akageukia baba yako:

— Na wewe, Papa, siku ile ulinitukana na ukoo yangu yote bila kupumua. Leo neno "viatu" inakushinda?

Baba yako alicheka mpaka akashika mbavu, na hakulalamika.

Ku repetisyo ya kisha, mutu alisema sasa tuimbe mustari ya tatu bila kukata. Maestro akakataa. Alisema ile pumuzi imekwisha kuwa ya wimbo.

Basi, mwanangu, sikiliza vizuri, hii njo ilinifanya nishike kalamu. Baba yako amesema, na mimi nimekubali hata kama machozi ilinitoka: musitungoje. Mutoto atolewe inje. Wewe njo utamwimbia, kwa niaba yetu. Mama mukwe wako akubebee mutoto mpaka ku mulango, wewe umupokee, uimbe, uvuke.

Mwendo yake: usiipime na kinu wala na kutembea. Kaa kwanza, upumue sawa mutu ambaye hana fasi ya kwenda. Mustari moja, pumuzi moja. Toni yake: anza ku ile sauti unaitia mutu aliye karibu, si ile unaitia mutu wa ngambo ya muto. Furaha yake iko kubwa, lakini ni furaha ya mutu aliyebeba beseni ya maji imejaa: anacheka na macho. Shangazi Maua akusaidie, lakini asianze yeye, ninamupenda sana, anaimba sawa mutu anayefukuza kuku mu unga.

Na ku mustari ya tatu, kisha "wavue", pumua. Usione aibu ukiwa na pumuzi ya kutosha. Ngoja kidogo, kisha useme "viatu". Babu yako hakuiweka pale. Baba yako njo aliiweka, na mutoto aisikie.

Baba Saidi na bibi yake wanakusalimia. Mama Nyota anakusalimia, anasema kama ni mwanamuke mumupe jina yake, nimemwambia ajaribu kwanza kunyamaza siku moja. Maestro naye anasalimia korale ya kwetu yote.

Nijibu upesi, mama. Huyu motar asitoke Kasongo bila karatasi yako, hata kama ni ya maneno matatu: ni mwanaume ao ni mwanamuke, na kama alilala mbele ya "viatu" ao kisha. Upesi, ninakuomba. Maana kila moto ikinguruma ku njia, baba yako anashika pumuzi, na enfirmie alimukataza.

Ni mimi mama yako anayekupenda,
Mama Zawadi